Mwenge Uliozimwa Nje ya Jukwaa: Chama Kisicho na Mrithi katika Kigogo na Msomaji wa Burat

Jabali haingii jukwaani hata mara moja. Katika tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea, habari zake hupatikana vinywani mwa wale waliomwondoa: kwamba alikuwa mpinzani wa Majoka, kwamba alikuwa na wafuasi wengi na chama kilichoitwa Mwenge, kwamba ilipangwa ajali akafa, na kwamba chama nacho kikafa. Maneno yanayobeba habari hizo zote ni machache mno, na msomaji mwenye haraka huyapita kama mtu apitavyo kaburi lisilo na jiwe. Miongozo ya mitihani iliyozagaa madukani katika miaka ambayo tamthilia hii ilitahiniwa katika shule za upili za Kenya, tangu 2018 hadi 2022, humworodhesha Jabali miongoni mwa wahusika wadogo, na hukitaja chama chake kuwa ni ushahidi wa ukatili wa Majoka. Baada ya hapo hukiacha. Makala haya yanakusudia kukirudia.

Huenda kazi hiyo ikaonekana kuwa ya kuchuja maji kwa tenga. Chama chenyewe hakifanyi lolote katika tamthilia. Hakina ofisi, hakina kadi, hakina mkutano, wala hakina mwanachama ajitokezaye kusema kwamba aliwahi kuwa wake. Hata hivyo, kila kilichomo katika kazi ya sanaa kimewekwa na mkono wa mtu. Mtunzi aliyetaka kuonyesha anguko la mtawala dhalimu hakulazimika kuunda chama. Udhalimu wa Majoka umethibitika vya kutosha kwa kufungwa kwa Soko la Chapakazi, kwa kuzuiliwa kwa Ashua na kwa kuvunjwa kwa mguu wa Tunu. Inafaa basi kuuliza kwa nini Kea alikiunda chama cha Mwenge na kukiua kabla pazia halijafunguliwa, na kwa nini, baada ya kukiua, hakumpa mhusika yeyote kazi ya kukidai.

Jibu la kwanza linapatikana katika mapokeo ambayo Kigogo imeyarithi. Fasihi ya Kiswahili imezoea kujenga nchi za kubuni. Shaaban Robert aliijenga Kusadikika mwaka 1951, nchi inayoning'inia angani, nayo ina mfalme, mawaziri, wajumbe sita waliotumwa pande sita na kurudi wakaadhibiwa, na mshtakiwa mmoja, Karama, ambaye kosa lake ni kutaka elimu ya uanasheria ifundishwe. Nchi hiyo ina kila kitu isipokuwa chama. Mtu anaweza kusema kwamba mwaka 1951 TANU ilikuwa haijazaliwa, na hilo ni kweli, kwani ilianzishwa 1954. Lakini Chama cha Waafrika wa Tanganyika kilikuwapo tangu 1929, na Shaaban Robert hakuwa mgeni wa mambo ya wakati wake. Sababu ni ya kisanaa zaidi kuliko ya kihistoria. Kusadikika ni nchi ya hoja, na hoja hutaka mtu mmoja wa kuisema na baraza la kuisikiliza. Chama kingemharibia Karama upweke wake, na upweke huo ndio unaoipa hotuba yake uzito.

Waliomfuata wameuhifadhi upweke huo hata pale ambapo mada zao hazikuuhitaji. Butangi ya Kithaka wa Mberia katika Kifo Kisimani ina vuguvugu la watu wanaotaka mabadiliko, lakini linaegemea mabegani mwa Mwelusi, na inatosha Gege amsaliti ili msomaji ahisi kwamba jambo zima limo hatarini. Tomoko ya Ken Walibora katika Kidagaa Kimemwozea ina mtemi, walionyang'anywa haki zao, na vijana wawili wanaobeba siri ya nyumba mbili. Siasa yenye mpangilio, ile ya wanachama na ada na katibu wa tawi asiyejulikana na mtu nje ya tawi lake, haimo. Mwandishi wa nchi ya kubuni hufanana na mtoto ajengaye mji kwa udongo: huanza na nyumba ya mfalme, akafuatiza jela, kisha soko. Ni nadra afike kwenye ofisi ndogo ya bati yenye bendera iliyochuja.

Kwa kuzingatia mapokeo hayo, Kea amefanya jambo ambalo si dogo. Ameitaja ofisi hiyo. Amekipa chama jina, na jina lenyewe halikuokotwa njiani. Jabali ni jiwe kubwa, kitu kisichosogea. Mwenge ni kitita cha makuti au vijiti kilichowashwa, chombo ambacho maana yake yote ni kuchukuliwa na kupokezwa. Mtu akichoka humpa mwenziwe. Msomaji wa Afrika Mashariki hawezi kulisoma neno hilo bila kukumbuka Mwenge wa Uhuru uliowashwa juu ya Kilimanjaro tarehe 9 Desemba 1961, ambao tangu hapo hukimbizwa kutoka wilaya moja hadi nyingine kwa mikono mingi. Nchini Kenya vyama hujulikana kwa ishara kuliko kwa sera, na katika uchaguzi wa Desemba 1992 wapiga kura walichagua baina ya jogoo wa KANU, simba wa FORD-Kenya, taa ya DP na nyinginezo. Kwa hiyo chama kinachojiita Mwenge kimekwisha kutoa ahadi kwa jina lake tu: kwamba kikizimika mkononi mwa mmoja, kitawashwa na mwingine.

Ahadi hiyo haitimizwi, na kutotimizwa kwake hakusemwi. Hapo ndipo penye kasoro, au pengine ndipo penye siri ya tamthilia. Katika Sagamoyo kitu kinachotakiwa kupokezwa kimekufa na mtu ambaye jina lake ni jiwe. Jiwe limeondolewa, na moto uliokuwa juu yake ukachukuliwa kuwa umeondoka nalo. Wauaji wa Jabali wanalisema jambo hili kama watu wanaofunga hesabu, nayo tamthilia inaikubali hesabu yao. Mhakiki anayesisitiza kwamba Majoka ni mwongo katika kila jambo, katika uhuru anaousherehekea, katika maendeleo anayojivunia, hana budi kueleza kwa nini Majoka aaminiwe katika hili moja tu. Chama hakifi kwa sababu aliyekiua amesema kimekufa. Wafuasi wengi waliotajwa walikwenda wapi? Sagamoyo si kubwa. Walibaki papo hapo, wakafanya biashara Chapakazi mpaka soko likafungwa, wakanywa kwa Mamapima, wakaila keki ya uhuru au wakaikataa.

Hoja hii inapata nguvu zaidi katika onyesho la kwanza. Tamthilia inafunguka kwa wachongaji, na Sudi anachonga shujaa. Wenziwe wanachonga vinyago walivyoagizwa kwa ajili ya sherehe. Yeye anachonga wake, na shujaa huyo ni mwanamke. Ishara hii ni nzuri, na Kea ameitumia kwa busara, maana inamwandaa msomaji kumpokea Tunu. Lakini mahali panapochongwa mashujaa ndipo mahali pa kuuliza ni nani hachongwi. Sudi ni msomi, ni mpinzani, na umri wake unamruhusu kumkumbuka Jabali vizuri. Gogo lake linaelekea mbele, kwa shujaa ajaye. Hakuna gogo la aliyepita. Matokeo yake ni kwamba Tunu anaonekana kama amechipuka kwenye ardhi tupu, kana kwamba kabla yake hapakuwa na mtu Sagamoyo aliyewahi kuitisha mkutano.

Ikumbukwe pia jinsi tamthilia inavyomalizika. Umati unahama sherehe ya Majoka na kumwendea Tunu. Kingi, mkuu wa polisi, anakataa amri ya kuwapiga watu risasi. Mtawala anabaki na uchache wake. Ni mwisho wenye kuburudisha, na wanafunzi wengi wameupenda kwa haki. Hata hivyo, msomaji aliyekwisha kukiona chama cha Mwenge atagundua kwamba siku inayofuata haina chombo. Kuna Tunu, kuna soko lililofunguliwa, kuna askari aliyekataa amri. Tunu akipatwa na lililompata Jabali, hesabu itafungwa tena kwa maneno yale yale, kwa kuwa safari hii hapana hata jina la chama la kufuta.

Atakayeitetea tamthilia atakuwa na la kusema, na utetezi wake haupaswi kupuuzwa. Atasema kwamba jukwaa hutaka watu, halitaki katiba za vyama. Kwamba wauzaji wa Chapakazi wanaosimama pamoja ni chombo halisi zaidi kuliko vyama vingi vyenye vyeti. Kwamba Kea, akiandika baada ya miongo miwili na zaidi ya vyama vingi nchini Kenya, alijua jinsi chama kinavyoweza kununuliwa, kukodishwa kwa msimu mmoja wa uchaguzi na kutupwa, hata akaona afadhali awape watu soko kuliko kuwapa chama. Utetezi huu una ukweli ndani yake. Lakini unaieleza tamthilia ambayo Kea hakuiandika. Lau angeona chama ni takataka, angemfanya Jabali mfanyabiashara wa siasa. Alimfanya mtu mwenye sera na wafuasi, akamuua kwa sababu hiyo, kisha akasahau kwamba sera na wafuasi havizikwi kaburi moja na mwenyewe.

Swali hili si la darasani tu, na ili uzito wake uonekane yafaa kumfikiria msomaji mmoja ambaye miongozo haikumfikiria. Burat ni wadi ya kaunti ya Isiolo, jirani na mji wenyewe, penye mashamba madogo yanayonyweshwa kwa maji ya mto Isiolo, malisho, na ardhi ambayo jeshi hutumia kwa mafunzo. Wanaishi humo Waturkana, Wameru, Waborana, Wasamburu na Wasomali. Mwanafunzi wa huko alipewa Kigogo kama alivyopewa mwenziwe wa Nyeri au Kakamega, akatakiwa aeleze ufaafu wa anwani na mbinu rejeshi. Ila yeye ana jambo moja ambalo wenziwe huenda hawana. Nyumbani kwao kuna chama kilichozimika.

Eneo la Mpaka wa Kaskazini, lililofahamika kwa herufi NFD, lilitawaliwa na Waingereza kama ua lililofungwa. Sheria ya 1902 ya wilaya za pembezoni na ile ya 1934 ya wilaya maalum zilizuia watu kuingia na kutoka bila kibali. Somali Youth League ilipopata wafuasi huko ilipigwa marufuku mwaka 1948, na siasa za vyama hazikuruhusiwa tena mpaka 1960. Mwaka huo ndipo kilipoanzishwa Northern Province People's Progressive Party, kikajulikana kwa herufi zake, NPPPP, chini ya uongozi wa Wako Happi. Haja yake ilikuwa moja: eneo hilo lisiingie Kenya huru bali liungane na Jamhuri ya Somalia. Hakikuwa peke yake. Northern Province United Association ya Ali Aden Lord ilitaka kubaki Kenya, na katika wilaya ya Isiolo maoni yaligawanyika kwa kabila, kwa mtaa, wakati mwingine kwa nyumba. Tume iliyotumwa mwishoni mwa 1962 kuwasikiliza watu ilikuta wengi katika NFD wakitaka kujitenga. Matakwa hayo hayakufuatwa. Mwaka 1963 Garissa, Wajir na Mandera zilifanywa mkoa wa Kaskazini Mashariki, nayo Isiolo ikawekwa katika mkoa wa Mashariki. Wengi wa Wasomali wa NFD wakaususia uchaguzi wa Mei. Uhuru ukaja tarehe 12 Desemba, na siku 16 baadaye, tarehe 28 Desemba 1963, ikatangazwa hali ya hatari kaskazini.

Tangu hapo chama hakikusikika katika siasa za wazi. Kilichosikika ni bunduki. Vita vilivyoitwa vya mashifta viliendelea mpaka mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967. Watu wa Isiolo wakakusanywa katika vijiji vya ulinzi na mifugo yao ikaangamia. Waborana wa Waso wamekipa kipindi hicho jina la Gaf Daba, yaani wakati wa kusimama. Kanuni za dharura zilizobaki zikaendelea kuutawala ukanda huo hadi 1991, mwaka ule ule ambao kifungu cha chama kimoja kilifutwa katika katiba ya Kenya.

Msomaji wa aina hii anaposikia Majoka akisherehekea miaka sitini ya uhuru, anaisikia namba hiyo kwa sikio jingine. Na anapoambiwa kwamba kulikuwa na chama, kiongozi akaondoka, wafuasi wakanyamaza, anajua kitu ambacho tamthilia haikijui: kwamba chama kilichozimwa hakipotei, hugeuka. Hugeuka ukimya wa babu anapoulizwa alikuwa wapi mwaka 1963. Kwa miaka mingi kiligeuka shaka ya afisa wa vitambulisho aliyemtaka kijana wa kaskazini alete ushahidi ambao kijana wa kusini hakutakiwa kuuleta. Hugeuka pia ugomvi wa zamani kati ya jirani na jirani, maana babu wa Mturkana na babu wa Mborana hawakuwa upande mmoja, na wajukuu wao hukaa dawati moja.

Uhakiki wa haki hauruhusu NPPPP ifanywe Mwenge kwa kalamu moja. Jabali alitaka Sagamoyo iliyo bora. NPPPP haikutaka kuwamo katika nchi iliyokuwa ikijengwa. Jabali aliuawa na dola. Tarehe 28 Juni 1963 waliouawa walikuwa mkuu wa wilaya ya Isiolo, Daudi Dabasso Wabera, na chifu Haji Galma Dida, katika safari ya kuwahimiza watu wakae ndani ya Kenya. Na damu hiyo haikumwagwa na dola. Jina la Wabera lipo leo kwenye barabara katikati ya Nairobi na kwenye wadi inayopakana na Burat yenyewe, nalo linastahili kuwapo. Huo ndio uchongaji wa mashujaa unaofanywa nje ya jukwaa. Wale waliokuwa upande mwingine, wakiwamo wengi waliopiga kelele katika mikutano halali ya 1962 na hawakumgusa mtu, hawana gogo.

Kutofanana huko ndiko kunakoufichua mpaka wa Sagamoyo. Eneo hilo, ambalo mara husomeka kama nchi na mara kama jimbo, lina kitovu na halina pembezoni. Mambo yote hutendeka sokoni, kwa Majoka, kwa Mamapima au nyumbani kwa Sudi. Kila mpinzani anataka kitu kile kile, yaani Sagamoyo pasipo Majoka. Hakuna anayesema kwamba Sagamoyo si yake. Kwa hiyo hata Mwenge ungefufuliwa, ungefufuliwa kama chama cha kitovu. Kusadikika ilikuwa na ujasiri zaidi katika hili kuliko wajukuu wake: iliwatuma wajumbe pande sita za ulimwengu, ikakiri kwamba kuna mahali pengine na kwamba jibu linaweza kutoka huko.

Sheria ya Kenya ya leo ina sura inayofanana na ya Sagamoyo. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 91, inakitaka chama kiwe na sura ya kitaifa na inakikataza kuasisiwa kwa misingi ya eneo, kabila au dini. Sheria ya Vyama vya Kisiasa ya 2011 inakitaka kiandikishe wapiga kura wasiopungua 1,000 katika kila kaunti miongoni mwa zaidi ya nusu ya kaunti 47. Wenye kuitunga walikuwa na sababu nzuri, nao walikuwa wametoka katika machafuko ya mwaka 2007 na 2008. Lakini chama kama NPPPP kisingevuka mlango wa msajili hata kama kisingetaka kujitenga na mtu, hata kama haja yake ingekuwa visima na malisho tu. Mwananchi wa Burat anaruhusiwa kuingia chama cha watu wote. Hana ruhusa ya kuanzisha cha watu wa kwao. Kipi bora si kazi ya mhakiki wa fasihi kukiamua. Kazi yake ni kutambua kwamba katika nchi halisi na katika nchi ya kubuni chama kidogo kimekosa mahali, na kwamba fasihi, ambayo haina msajili, ndiyo iliyokuwa na uhuru wa kukipa.

Iko nafasi moja ya kuurekebisha upungufu huu bila kulibadilisha andiko, nayo iko mikononi mwa waongozaji. Onyesho la mwisho linahitaji umati. Vikundi vya shule huujaza umati huo kwa wanafunzi waliokosa sehemu, wakaambiwa washangilie Tunu atokeapo. Mwongozaji atakayeiweka Kigogo jukwaani Isiolo anaweza kumweka miongoni mwao mzee mmoja mwenye kadi kuukuu mfukoni, aingie pamoja na wengine, asishangilie, aitoe kadi na kuitazama, kisha airudishe. Hatasema neno, kwa sababu mtunzi hakumpa. Watazamaji wa safu za mbele huenda wasimwone. Walioketi nyuma, waliokuja na babu zao, watamwona, na pengine watageuka kuwatazama babu wenyewe.